Tasnifu Isiyokuwa na Udongo

Tasnifu yangu ya uzamili ilipata alama nzuri, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Ilihusu ghasia za Uluguru za mwaka 1955, pale wakulima wa milimani walipokataa kuchimba matuta ya ngazi waliyolazimishwa na serikali ya kikoloni. Hoja yangu ilikuwa moja, nami niliipenda: matuta yalikuwa kisingizio tu, kilichokataliwa ni ukoloni. Chama cha TANU kilizaliwa Julai 1954. Julai iliyofuata Matombo, huko huko Uluguru, ikachafuka, polisi wakafyatua risasi, mtu akafa, mradi ukaachwa. Kwa mwanafunzi mwenye haraka, tarehe hizo zinajipanga zenyewe.

Sikuuliza swali jepesi kuliko yote: matuta yenyewe yalifaa?

Maofisa wa kilimo waliogopa mmomonyoko, na hofu yao haikuwa ya uongo. Miteremko ni mikali, mvua ni nyingi, na vijito vya huko ndivyo vinavyoulisha mto Ruvu. Kasoro ilikuwa kwenye dawa. Ili upate ngazi bapa kwenye mteremko mkali huna budi kukata ndani sana, na udongo wenye rutuba wa Uluguru ni tabaka jembamba la juu. Ukikata, unaufukia ule mzuri na kuufunua wa chini, ambao mahindi hayapati kitu humo. Isitoshe, ngazi hushika maji badala ya kuyaacha yapite. Yakizama kwa wingi, udongo hulemewa, ukateleza. Mkulima aliyepoteza siku kadhaa za kila juma kuchimba, halafu akavuna pungufu, hakuhitaji kuhutubiwa na mtu wa chama ndipo akasirike.

Siasa ilikuwepo, siikani. Ila kukataa kwao kulikuwa pia uamuzi wa watu waliolijua shamba lao. Maofisa waliandika kwenye majalada kwamba watu hawa ni wakaidi wasioelewa. Mimi, niliyejiona mtetezi wao, niliwavika ushujaa nikawavua ujuzi. Sioni kama nilikuwa mbali sana na maofisa wale.

Sina kisingizio cha kukosa maandishi. Mwaka 1972 jarida la Geografiska Annaler lilichapisha utafiti wa mmomonyoko uliofanywa kwa ushirikiano wa wataalamu wa Dar es Salaam na Uppsala. Humo Paul Temple alichambua sera za hifadhi ya udongo Uluguru, na pamoja na mwenzake akaeleza mvua ya Februari 1970 ilivyopasua miteremko ya Mgeta mahali pengi mno, zaidi kwenye mashamba na nyasi kuliko penye miti. Nilijua lipo. Lilikuwa kwenye rafu za jiografia, nami nilikuwa mwanahistoria. Nikajiambia hayo ni mambo ya sayansi.

Kibaya zaidi ni kanda zangu za mahojiano. Nilipozisikiliza tena baada ya miaka, nilimkuta mzee mmoja anaanza kunieleza walivyokuwa wakipanga magugu kwa mstari kukatisha mteremko ili maji yapungue kasi. Sauti yangu inamkatiza: “Sawa babu, turudi kwenye mikutano.” Akarudi kwenye mikutano. Niliporudi kijijini kumuuliza mkewe, alicheka. “Mjukuu wangu, ulikuja kuuliza siasa, tukakupa siasa. Ungeuliza mahindi, tungekupa mahindi.”

Kama ningeanza upya, ningeanzia Mgeta, upande wa pili wa milima hiyo hiyo. Kule wakulima wa mboga walikuwa wakichonga ngazi kwa hiari yao, na hadi leo wanazilima. Nilipozisoma habari hizo mara ya kwanza niliziruka, kwa kuwa ziliiharibu hoja yangu: kama matuta ni ukoloni, kwa nini hawa wanayapenda? Jibu lipo kwenye hesabu ya shamba. Mgeta kuna maji ya kumwagilia na samadi ya kuirudishia ngazi rutuba, na mboga zina soko la mjini linalolipa jasho la kuchimba. Matombo waliambiwa wachimbe vilevile kwa ajili ya mahindi yanayotegemea mvua, bila samadi. Jembe ni lile lile, ngazi ni ile ile. Sura yangu ya tatu, ile iliyosifiwa na watahini, haina hata aya moja juu ya samadi.