Swali la Nesi

Edinburgh, Uskoti



Huku nesi ndiye anayebisha hodi. Mvua ya Edinburgh haimzuii. Anapanda ngazi za ghorofa mtaani Craigmillar, anavua koti linalochuruzika maji, anaketi na binti wa miaka 17 mwenye mimba ya kwanza. Wiki ijayo au ile ya pili atarudi, nesi yuleyule, hadi mtoto atimize miaka 2.

Mpango huo, Family Nurse Partnership, uliingia Uskoti mwaka 2010 kupitia jiji hilihili. Chimbuko lake ni Marekani: mwishoni mwa miaka ya 1970 David Olds alianza kuwatuma wauguzi majumbani kwa wajawazito wa Elmira, mji mdogo wa jimbo la New York.

Kinachomgusa mtu wa Tinde, kwetu Shinyanga, ni namna nesi anavyouliza. Akishaeleza dawa, hasemi "umeelewa?", kwa sababu kila binti atajibu ndiyo, hata aliyeishika karatasi juu chini. Humwuliza: "Mama yako akitaka kujua leo nimekwambia nini, utamjibuje?" Binti akikwama, lawama ni ya maelezo, nesi anaanza upya kwa maneno mengine.

Mpango wenyewe si muujiza. Utafiti wa mpango huo nchini England, uliochapishwa 2016, haukuona nafuu katika uvutaji sigara wa wajawazito wala uzito wa watoto waliozaliwa. Faida kidogo ilionekana baadaye, watoto walipoanza shule.

Na Tinde, pale njia zinapoachana kwenda Nzega na Kahama? Utafiti wa afya wa 2015–16 ulikuta mkoani Shinyanga wasichana 34 katika kila 100 wa miaka 15 hadi 19 wamekwisha kuzaa au wana mimba. Nesi wa kliniki hana siku ya kumfuata kila mmoja kijijini. Kadi imeandikwa Kiswahili, mwenye kadi huenda anawaza kwa Kisukuma, na wa kuamua safari ya hospitali mara nyingine ni mama mkwe. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyozinduliwa Novemba 2012, ilituma ujumbe bure wa ushauri wa ujauzito kwa aliyeandika "mtoto" kwenda 15001. Lakini simu ya nyumba ikiwa mfukoni mwa mume, naye yuko machimboni Geita, ujumbe unasomwa na nani?

Swali la Edinburgh halihitaji koti wala ghorofa. Linaweza kuulizwa kwa Kisukuma kwenye benchi la kliniki, mama mkwe akiwa pembeni anasikia: ukiona damu, au kichwa kikiuma na macho yakiona ukungu, utafanya nini? Jibu analopaswa kulitamka binti mwenyewe ni namba 115 ya m-mama, mpango wa usafiri wa dharura uliojaribiwa Sengerema na Shinyanga kabla ya kuzinduliwa kitaifa Aprili 2022. Kupiga ni bure. Gari la wagonjwa likikosekana, anaitwa dereva wa jirani aliyesajiliwa, na nauli yake hailipwi na familia.