Kuazima na Kukopa, "Borrow" na "Lend"

Akina mama wenzetu, watoto wetu wakifika kidato cha kwanza, masomo karibu yote huwa ya Kiingereza, na madaftari huanza kurudi nyumbani na alama nyekundu. Hapa Ipinda alama moja tumeizoea. Mtoto ameandika "borrow me your pen", mwalimu amekata na kuandika "lend". Mtoto akiuliza kosa liko wapi, tusimwambie tu akamwulize mwalimu, maana kosa hilo amelitoa vinywani mwetu.

Kwetu neno kuazima huenda pande zote mbili. Tunasema, "Nimeazima sufuria kwa jirani," na tena, "Jirani, niazime sufuria." Anayetoa na anayepokea tunawajua kwa kale ka "ni" kadogo tu. Kiingereza hakikubali hivyo. "Borrow" ni la anayepokea, nalo hufuatana na "from", yaani kutoka kwa fulani: "I borrow a pen from my friend." "Lend" ni la anayetoa: "My friend lends me a pen," au "lends a pen to me". Zikiwa za jana huwa "borrowed" na "lent". Wamarekani hutumia pia "loan" mahali pa "lend", lakini hilo lisubiri kwanza.

Basi Kiingereza huangalia mkono upi unatoa. Kiswahili huangalia kitakachorudi. Sufuria huazimwa, kwa kuwa itarudi ile ile, hata kama na masizi. Mchele hukopwa, kwa kuwa utaliwa na utarudi mwingine. Mwingereza husema "borrow" kwa yote mawili. Chuma cha shoka kilichozama Yordani, katika 2 Wafalme 6, kilikuwa cha kuazima, ndiyo maana mtu yule alilia; ilitakiwa kurudi hicho hicho. Mikate mitatu ya usiku wa manane katika Luka 11 ilikuwa ya kuliwa na mgeni.

Huku kwetu kwenye mpunga jambo hili si la daftarini tu. Kabla ya mavuno, nyumba ikiwa tupu, mama huenda kwa mwenzake kuchukua debe la mchele na kusema, "Niazime." Baada ya mavuno anarudisha debe. Mwenyewe ananuna, kwa sababu alilitoa mchele ukiwa ghali, nalo linarudi wakati kila nyumba ina mchele. Aliyerudisha anashangaa: si kipimo ni kile kile? Tunazijua nyumba mbili zilizoacha kusalimiana msimu mzima kwa ajili ya debe la namna hiyo, na watoto wao walikuwa wakikaa dawati moja.

Sisi tunaona afadhali mama aseme pale pale mlangoni, "Nikopeshe," kisha waulizane kitarudi kiasi gani, na lini. Kama mtoto yupo, aulizwe kwa Kiingereza nani "lends" na nani "borrows". Mwenye debe ndiye "lends".