Ada Ilifutwa, Tarakimu Ikabaki

Nilianza kufundisha wilayani Masasi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati mtoto kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada halikuwa jambo la kumshangaza mtu. Mwalimu mkuu alikuwa na daftari lake: hela ya UPE (elimu ya msingi kwa wote), dawati, mlinzi, mtihani. Msimu wa korosho wazazi walilipa. Ikifika Mei, daftari lilijaa madeni na madarasa yalikuwa yamepungua.

Wazee hawakuelewa. Wao walikumbuka Novemba 1974, Halmashauri Kuu ya chama cha TANU ilipokutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto awe shuleni. Ada ilikuwa imeshafutwa, na agizo la chama lilishuka hadi kwa balozi wa nyumba kumi, aliyejua nani ana mtoto wa kuandikishwa. Wananchi hawakuulizwa, ila walimjua aliyeamua. Baadaye uchumi ukayumba, serikali ikafikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, na wimbo ukawa "kuchangia gharama". Mzazi akija kulalamika, tulimwonyesha waraka. Ulikotokea hasa, hata sisi hatukuweza kumwambia.

Upepo uligeuka mwaka 2001. Makanisa na asasi za kiraia, za ndani na za nje, zilikuwa zimepiga kelele muda mrefu kwamba nchi maskini zinalipa madeni huku watoto wao wakikosa shule. Tanzania ilipata msamaha wa madeni, na Benki ya Dunia, iliyowahi kuhimiza wananchi wachangie, ikatoa mkopo kwa ajili ya MMEM, mpango wa maendeleo ya elimu ya msingi. Serikali ya Rais Mkapa ikafuta ada. Wanafunzi wa shule za msingi nchini, waliokuwa takriban milioni 4.4 mwaka 2000, walifika kama milioni 7.5 mwaka 2005. Kwetu, darasa la kwanza lilihamia chini ya mwembe.

MMEM ilileta jingine ambalo halikutangazwa sana: kamati ya shule ilipewa akaunti benki, na mapato na matumizi yakatakiwa kubandikwa kwenye ubao wa matangazo. Siku moja mama mmoja, mkulima wa mihogo, alisimama mbele ya ubao ule akifuatisha mistari kwa kidole. "Mwalimu, shikamoo. Hii hela ya chaki mbona imeandikwa mara mbili?" Mwalimu mkuu akaenda kuchukua stakabadhi. Enzi za daftari, swali hilo lisingeulizwa, kwa kuwa daftari lilikaa kabatini.

Kuuliza hakukuwa rahisi kila mahali. Mwaka 2005 serikali iliizuia asasi ya HakiElimu kuchapisha tafiti zake kuhusu shule. Baadaye zuio likaondolewa. Kisha ikaja Januari 2016: Rais Magufuli aliifanya elimu iwe bila ada hadi kidato cha nne, na miaka miwili baadaye akapiga marufuku michango shuleni. Safari hii hakuna aliyehitaji kuuliza agizo limetoka wapi. Wazazi walishangilia, na walikuwa na haki. Lakini mahudhurio ya mikutano yetu ya wazazi yalishuka. Mzee mmoja aliniambia, "Mwalimu, kama hamtaki hela yangu, mnaniitia nini?"

Katika mageuzi yote hayo, macho yetu yalikuwa kwa anayetangaza: chama, wakopeshaji, asasi, rais. Kumbe uamuzi mzito ulipita kimyakimya. Ruzuku ya mwanafunzi wa shule ya msingi ilipangwa na MMEM kuwa dola 10 kwa mwaka, na wakati ule hizo zilikuwa kama shilingi 10,000. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016, kiwango kilikuwa shilingi 10,000 zilezile, wakati dola moja ilishapita shilingi 2,000. Hakuna mkutano ulioitwa kuipunguza ruzuku ile. Iliachwa tu, ikapunguzwa na bei za sokoni. Waraka mpya ukifika shuleni, mzazi aanze kwa kuuliza kiasi kilichotengwa kwa mtoto mmoja, na mara ya mwisho kilipandishwa lini.