Kutu ya mashini ya mama

Katika nyumba nyingi za kambi zetu kuna chuma fulani kinachoozea kona: nyundo ya babu, pasi ya makaa, ufunguo wa garaji. Kwetu Likasi ilikuwa mashini ya kushona ya marehemu mama. Mvua ya mwaka 2017 ilipenya kwenye bati, na hakuna aliyeangalia. Nilipoifungua, vipande vya chini vilikuwa vyekundu kama udongo wa njia. Mafundi wawili waliniambia, tupa. Lakini minervali ya mdogo wangu ilikuwa inangojea ile mashini.

Papa alifanya kazi miaka mingi kule Shituru, fasi ya elektrolizi. Sisi watoto tulijua kazi yake kwa matundu tu, yale asidi iliyotoboa katika nguo zake. Tangu kazi iishe alikuwa anakaa chini ya muembe, hasemi mingi. Siku ile akaangalia vipande, akauliza: «Sharjere ya batri iko? Ile ya zamani?»

Akanieleza. Kiwandani shaba inayeyushwa kwanza katika asidi. Kuran inapita ndani ya maji yale, na shaba inakuja kujishika kwenye bamba lililofungwa upande wa kutoa. Kwa kutu, kazi ni ya jamaa moja na hiyo, ila maji yetu ni ya soda, si ya asidi. Tulinunua bikarbonate sokoni, tukaikaanga kavu katika kikaango cha chuma mpaka mvuke ukaisha, kwa sababu moto unaigeuza kuwa soda ya kufulia. Kijiko kimoja cha supu kwa litri 4 za maji, katika ndoo ya plastiki. Kipande chenye kutu kilifungwa kwa waya upande wa kutoa wa sharjere, volti 12. Upande wa kujumlisha, Papa alifunga chuma cha beto. Vyuma viwili visigusane hata kidogo. Ukigeuza waya, chuma unachotaka kuponya njo kitaliwa.

Mapovu madogo yakaanza kupanda. Kutu nyekundu inageuka nyeusi, inalegea, na yale mapovu yanaisukuma. Masaa 6 baadaye tulizima sharjere kwanza, kiisha tukaingiza mikono. Brosi ya meno ilitosha. Chini yake chuma kilikuwa cha kijivu, na namba za kiwanda zilionekana, namba ambazo sikuwa nimeziona hata siku moja! Papa alikausha kila kipande palepale karibu na moto, ndani ya nyumba, mbali na ndoo, akapaka mafuta. Ukikichelewesha mpaka jioni, kutu imerudi.

Sasa kosa langu. Chuma cha beto kinajaa matope ya kutu, inabidi kukitoa na kukikwaruza kila mara. Siku ya pili Papa alikuwa ameenda kwenye kilio. Mimi nikachoka. Nikawaza: kijiko cha inoksi hakishiki kutu, basi nitumie hicho. Kweli kilibaki safi. Maji yakawa ya njano, nikayamwaga katika lengalenga nyuma ya nyumba, nikatengeneza mengine.

Papa aliporudi alitazama ndoo tu. «Weye, umetia nini mule?» Nikamwonyesha kijiko. Sijapata kumwona akikasirika vile. Inoksi iko na kromu ndani yake, na kuran inaitoa katika maji kwa namna ya sumu, ile inayoweza kuleta kansa. Kwao kazini, alisema, rangi ya maji njo ilikuwa barua ya kwanza ya kusoma asubuhi. Jioni ile, na glavu mikononi, tuling'oa lengalenga zote, tukachimba udongo wa pale na kuutia katika mifuko. Watoto wa jirani walikuwa wakichuma pale kila siku. Sikulala vizuri usiku ule, na sikuwa na uso wa kuwatazama mama zao.

Vijana wengi wataona ni kazi ya kuchezea. Basi msitie chumvi ya jikoni katika ndoo, inatoa gazi ya klori. Mapovu yale ni gazi inayowaka: fanyeni inje, mbali na mbabula na sigara. Aliminiumu inaliwa na soda. Resori na sindano Papa hakuzitia kabisa, juu chuma kigumu cha namna ile kinanyonya ile gazi na kinaweza kuvunjika ghafla. Hizo tulizisugua kwa mkono.

Mashini inashona. Mashimo ambayo kutu ilikula hayakurudi kujaa, na gurudumu linapiga kelele kidogo. Minervali tulilipa kwa sehemu mbili. Siku hizi vijana wa avenue wanaleta vyuma vyao chini ya muembe, na kabla ya kuwasha kitu Papa anawauliza cha kufunga upande wa kujumlisha ni chuma gani. Kuna mwingine alirudishwa nyumbani na uma wake wa inoksi.

Maji ya njano ya ndoo ile ya pili bado yako katika bidoni, nyuma ya nyumba. Tumeifunga, tumeandika SUMU. Papa anakataa tuyamwage fasi yoyote mpaka tupate mtu wa kemia wa kuyapokea.