Ukuta wetu wa Gitega

Mwezi huu zamu ya kuandika ni yetu sisi wa Kigali, na tutaongea juu ya ukuta. Tunajua kuna mambo makubwa zaidi. Lakini huu ukuta umetugombanisha miezi mitatu, kwa hiyo mtuvumilie.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Gitega yetu siyo ile ya Burundi, mji mkuu wa kisiasa. Ni kata, au umurenge kama wanavyosema hapa, ndani ya wilaya ya Nyarugenge, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Biryogo. Wenzetu Warundi wakipiga simu nyumbani na kusema "tuko Gitega", bibi upande wa pili anaanza kumshukuru Mungu kwamba wajukuu wamerudi. Inabidi kumweleza upya. Tunacheka, halafu tunanyamaza.

Hapo Gitega tumepanga chumba kimoja. Ndimo tunamofundishana Kiingereza na kompyuta, ndimo akina dada wanamoshonea, ndimo tunamowajazia watu fomu. Tuko Wakongo na Warundi, Waislamu na Wakristo. Kuta zilikuwa tupu, rangi ya krimu, na chini karibu na mlango alama ya kiganja cha mtoto wa mpangaji aliyetutangulia.

Siku ya kufungua, shirika moja linalotusaidia likatuletea zawadi: picha kubwa ya fremu, upana wake karibu sawa na meza. Watoto wamepanga mstari kwenye bomba la maji kambini, vidumu vya njano mkononi, vumbi, mahema nyuma. Ni picha nzuri, tusidanganye. Aliyeipiga alijua kazi yake. Tulipiga makofi, tukasimama nayo tukapigwa picha na sisi, tukaitundika mbele, pale kila anayeingia anapotazama kwanza.

Wiki ya pili tukaanza kuona kitu. Watu wakija darasani walikuwa wanageuza viti. Mmoja anageuza kidogo, mwingine kidogo, mpaka mwalimu anajikuta anafundisha migongo. Hakuna aliyesema neno. Halafu siku moja dada mmoja, aliyeingia kambi ya Mahama mwaka ileile ilipofunguliwa, 2015, akasema taratibu: "Mimi nilisimama kwenye ule mstari miaka minne. Nimekuja Kigali kujifunza kompyuta. Mbona bado niko kwenye mstari?"

Tuliishusha siku hiyohiyo, tukaisukuma nyuma ya kabati.

Na hapa lazima tukiri, maana tuliahidiana kwamba maandishi haya yatakuwa ya kweli. Kila tulipoambiwa wageni wa shirika wanakuja, tuliitoa, tukaifuta vumbi, tukaitundika tena. Wakiondoka, tunaishusha. Tulifanya hivyo mara nne. Tuliogopa wasije wakadhani hatuna shukrani, na kodi ya nusu mwaka iko mikononi mwao. Mara ya nne msumari uling'oka na bonge la plasta. Nyumba nyingi za huku ni za rukarakara, matofali ya udongo yasiyochomwa, na msumari ukishatoka kwenye tundu lake haushiki tena. Mwenye nyumba akaja kuangalia. Ni mzee mpole. Akasema, "Vijana wangu, huu ni ukuta, si mlango. Mbona mnaingia na kutoka?"

Basi tukaitana, tuchague wenyewe kitu cha kukaa pale. Tulidhani saa moja itatosha.

Wa kwanza alitaka ramani. Ramani ya wapi? Ya Kongo na Burundi pamoja, akasema. Tukafungua moja kwenye simu kujaribu. Ndani ya dakika kumi watu walikuwa wanaoneshana kwa kidole kijiji cha nani kiko upande gani wa mlima gani, na nani alikikuta pale, na sauti zikapanda. Tukaifunga. Ramani, kwa mtu aliyekimbia, ni kesi isiyokwisha.

Wa pili alitaka aya. Aya ya kitabu kipi? Tukatazamana, tukacheka, tukakubaliana kila mtu abaki na yake moyoni. Wa tatu akaleta wachezaji wa mpira. Akina dada wakauliza kama wao watawekewa nani.

Kisha akasimama kijana mmoja ambaye kwa kawaida hasemi. Akasema yeye hataki kitu chochote ukutani. Familia yake ilishamaliza usaili wote wa kwenda Marekani. Mizigo ilishafungwa. Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na safari yao ikafia hapo. "Valizi bado ziko sebuleni, zimeegemea ukuta," akasema. "Kwetu hakuna hata kalenda. Mama anasema ukishapiga msumari, umekubali."

Hakuna aliyemjibu. Wengi wetu tunatoka kwenye nyumba kama hiyo. Tulizoea kudhani ni umaskini, kumbe wazazi wetu walikuwa wamekataa.

Mkutano uliofuata mwenzetu aliyekulia Lubumbashi alituletea hadithi ya sebule ya babu yake. Kulikuwa na michoro mitatu ya rangi, imechorwa kwenye kitambaa cha magunia ya unga. Mmoja ni mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki. Mwingine unaitwa Colonie belge: mfungwa amelazwa chini anachapwa viboko na askari mweusi, na Mbelgiji amesimama anatazama. Mgeni akiingia lazima aulize, na babu lazima aeleze, na chai inapoa. Watu wa Katanga waliviita vitu hivyo ukumbusho. Mchoraji mmoja wa huko, Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya nchi nzima, picha kama mia moja, akaisimulia kwa Kiswahili mbele ya Johannes Fabian, mtafiti aliyekuwa Lubumbashi miaka ya 1970. Mwaka 1996 ikatoka kitabu. Lakini riziki ya wachoraji kama yeye ilitoka kwa majirani, watu wa kawaida waliotaka kitu cha kuweka sebuleni.

Tukapenda sana. Ukumbusho! Ndipo yule dada wa Mahama akauliza: "Na ile ya mstari wa maji, si ukumbusho vilevile?"

Swali hilo lilitukalisha mpaka giza likaingia. Hatukuweza kusema ile ya maji ni mbaya kwa sababu ina uchungu, maana Colonie belge ina uchungu kuizidi. Mtu anachapwa! Tofauti tuliipata mwishoni, tukaiandika ubaoni. Colonie belge ilichorwa kwa ajili ya watu wa sebule ile. Babu aliichagua, aliilipia, na yeye ndiye aliyeieleza. Picha ya bomba ilipigwa kwa ajili ya mtu ambaye hajawahi kusimama kwenye mstari, ili ajue. Kwake inafanya kazi nzuri. Sisi tunajua tayari. Kutundikwa kwetu ni kama kusomewa barua uliyoiandika mwenyewe, kila asubuhi.

Kuanzia hapo kila pendekezo tulilipima kwa swali moja: hii inaongea na nani? Mamba muntu tuliiacha, ingawa kijana wa Lubumbashi alinuna. Akina mama wa makanisani wanaoleta watoto wao wangedhani tumefungua kitu kingine.

Jibu lililetwa na dada wa Mahama. Kambi ya Mahama iko wilaya ya Kirehe, na Kirehe hiyohiyo, upande wa Nyarubuye, ndiko kwenye imigongo, ile michoro yenye matuta unayoiona kwenye hoteli na viwanja vya ndege. Masimulizi yanasema aliyeianza ni Kakira, mwana wa mfalme Kimenyi wa Gisaka, aliyetaka nyumba yake ipendeze. Wanawake wakaichukua, wakapamba kuta za ndani za nyumba zao. Nyarubuye ni mahali ambapo maelfu waliuawa kanisani katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Wanawake waliobaki waliushika tena ufundi ule. Siku hizi wanachora kwenye mbao, kitu unachoweza kubeba. Dada yetu alifundishwa na mama mmoja mwenyeji wa huko, aliyekuwa akimuuzia viazi nje ya kambi. "Alikuwa ananipa ubao mdogo," alisema. "Hakuniuliza natoka wapi mpaka mwezi wa tatu."

Na jina lenyewe, mnalisikia? Imigongo ni migongo. Kwa Kinyarwanda ni vilevile, kwa sababu ya yale matuta. Katika chumba kile kila mtu ana mgongo uliombeba.

Tatizo likawa malighafi. Imigongo inatengenezwa kwa mavi ya ng'ombe, hasa ya ndama kwa kuwa ni laini, yaliyochanganywa na majivu. Gitega utapata simu, vitenge, chapati na samaki wa kukaanga. Ndama hutampata. Tulipata mfugaji nje ya mji, tukajaza ndoo ya rangi, na dereva wa pikipiki wa kwanza alipoinusa akawasha chombo akaondoka bila hata kuaga. Wa pili alikubali kwa faranga 1,000 za nyongeza na sharti kwamba ndoo ikae mbali na koti lake.

Tulifanya kazi Jumamosi mbili. Unachora mistari kwa penseli kwenye ubao wa tripleksi, unapanda matuta kwa vidole, unaacha yakauke vizuri, unasugua kwa msasa, ndipo unapaka rangi. Nyeusi, nyeupe, nyekundu. Zamani zilitoka kwenye majivu, mimea na udongo. Sisi tulinunua za dukani. Harufu inaisha ikikauka, tunawaapia. Mbao zetu ni nne, kila upande sentimita 60. Moja imepinda. Aliyeipinda anajijua.

Kwa wanaotaka kujaribu kwenye nyumba za kupanga: hatukupiga msumari hata mmoja. Tulifunga fito juu kwenye mbao za paa, tukateremsha kamba za nailoni, tukaning'iniza. Mzee mwenye nyumba alifurahi kuliko sisi. Katikati ya picha iwe kama sentimita 150 kutoka chini, au shusha kidogo kama watu wa chumba hicho wanakaa muda mwingi. Nyuma ya ubao bandika vipande vya sandali kuukuu kwenye kona, hewa ipite, maana mvua za Machi hadi Mei hapa zinapenya kuta. Na kabla ya kununua chochote, kata boksi kwa kipimo hichohicho, liweke pale siku tatu. Ukuta utakuambia kama ni kubwa.

Shirika likaja bila taarifa. Kaka yule alikuwa anapita, mvua ikamkuta, akaingia. Akatazama mbele. Akauliza, "Picha yetu iko wapi?" Tukaangalia chini wote. Aliyemjibu ni dada wa Mahama. Alimweleza yote, mpaka ile michezo ya kutundika na kushusha, ambayo sisi wengine tulikuwa tunaomba aifiche. Kaka alikaa kimya, maji yanamdondoka. Halafu akasema, "Nami ninayo kama hiyo ofisini kwangu. Sijawahi kuuliza hao watoto ni akina nani." Mvua ilipokatika aliibeba picha akaondoka nayo. Kodi ililipwa. Ofisini kwake hatujui ameweka nini.

Ninyi wa mashirika, hatuwakatazi picha za kambi. Zinasaidia kwa wanaotoa pesa, na pesa hiyo tunaila. Ombi letu ni dogo: kabla hujatundika picha ya mtu, jiulize kama yeye mwenyewe angependa kukaa chini yake na kunywa chai.

Yule kijana wa valizi alishiriki kila kitu, hata ndoo aliibeba, lakini hakubadili maneno yake. Nyumbani kwao bado ukuta ni mtupu. Mwezi uliopita mama yake alikuja kuchukua fomu. Alisimama mbele ya zile mbao nne muda mrefu, akagusa matuta kwa kidole, akanusa kidole, akacheka. Akauliza bei. Tukamwambia, mama, kwako hakuna bei.

"Munitengenezee moja," akasema. "Lakini ndogo. Ya kuingia mu valizi."

Tunaitengeneza Jumamosi hii. Tumepima valizi kwanza.