Celle, Mji wa Kuposea Farasi

Jamani, tembea uone! Nilifika Celle, Ujerumani, kwenye kituo cha serikali cha madume ya farasi kilichoanzishwa 1735 na Mfalme George II. Mwenyeji wangu, mama mkulima, alikuja kumtafutia jike wake mume. Anaye huyo mmoja tu: mzito kidogo, ila mtulivu kama maji ya mtungini.

Nikamwonyesha dume wa damu ya Thoroughbred, mwembamba, anarukaruka. Akacheka. “Damu hiyo ndiyo iliyowapa wepesi farasi wetu wa jembe baada ya vita. Lakini ikizidi, na hasira zinazidi.”

Mimba miezi 11, mtoto mmoja. Ukikosea, mwaka umekwenda!

Akachagua chotara mpole. Tukaondoka, naye kila mara anageuka kumtazama yule mwembamba.