Mali bila Daftari: Lugha ya Data katika Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Aghalabu methali hiyo huelekezwa kwa mfanyabiashara, lakini maana yake inawahusu pia watafiti wa leo, ambao mali yao kubwa ni data: vipimo na maelezo mengi mno yanayohifadhiwa na kuchambuliwa kwa kompyuta, mara nyingi na wataalamu wa mataifa mbalimbali. Hazina za namna hiyo hudhaniwa kuwa ni zao la miji mikubwa ya ng'ambo. Hata hivyo, mojawapo ya hazina zenye umri mrefu ulimwenguni kuhusu wanyama wa porini ilianzia katika madaftari yaliyoandikwa Gombe, kiasi cha kilomita 16 kaskazini ya mji wa Kigoma, si mbali na Gungu. Suala linalostahili kutafakariwa ni hili: daftari likishasafiri, mwenyeji hubaki na nini?

Jane Goodall, Mwingereza, aliwasili Gombe tarehe 14 Julai 1960 kuwachunguza sokwe. Mnamo Mei 1975, watu wenye silaha kutoka Zaire walivuka ziwa wakawateka wanafunzi wanne wa kigeni. Wanafunzi hao waliachiliwa baadaye, lakini tangu hapo mzigo wa kazi ya kila siku uliwaangukia Watanzania, wengi wao wakiwa wenyeji wa vijiji vya mwambao. Nao hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Hilali Matama, kwa mfano, ndiye aliyeshuhudia, Januari 1974, sokwe wa kundi moja wakimshambulia Godi, dume wa kundi jirani, tukio lililobadili fikra za wanasayansi kuhusu tabia za wanyama hao. Wasaidizi wa utafiti waliwafuata sokwe tangu kuamka hadi kulala, wakiandika walichokula, walikopita na waliogombana nao. Maelezo hayo waliyaandika kwa Kiswahili.

Kuanzia mwaka 1995, kumbukumbu hizo zilikusanywa katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, chini ya Anne Pusey, na baadaye katika Chuo Kikuu cha Duke. Maelezo ya Kiswahili yalifasiriwa kwa Kiingereza na kuingizwa katika kompyuta. Matunda yake hayana ubishi. Mwaka 2009, katika jarida la Nature, watafiti wa nchi kadhaa walionyesha kwamba sokwe wa Gombe walioambukizwa virusi vya jamii ya vile vya UKIMWI walikuwa katika hatari ya kufa mara 10 hadi 16 zaidi ya wenzao wa umri uleule. Kabla ya hapo ilidhaniwa kwamba virusi hivyo haviwadhuru sokwe. Uchambuzi huo usingewezekana pasipo watu waliomjua kila sokwe kwa jina, wakamjua mama yake na wakati alipotoweka. Ama kwa hakika, hapa mgeni alikuja. Je, mwenyeji amepona?

Jibu linategemea lugha. Kijana wa Gungu akitaka kusoma kilichotokana na madaftari hayo, hana budi kukisoma kwa Kiingereza, ilhali chanzo chake ni lugha anayoisema nyumbani. Neno la mwandishi wa Gombe huvuka bahari, likageuzwa tarakimu, likatumiwa katika hoja, lakini ni nadra hoja hiyo kurudi kwa mwenye neno. Yamkini mtu atasema kwamba habari za sokwe hazimhusu mwuza dagaa. Basi na tutazame ziwa lenyewe.

Mwaka 2003, Catherine O'Reilly na wenzake walieleza, katika jarida lilelile la Nature, kwamba kuongezeka kwa joto la maji ya juu ya Ziwa Tanganyika kunayazuia yasichanganyike na maji ya chini, ambako ndiko iliko rutuba. Walikadiria kwamba uzalishaji wa chakula cha viumbe wa ziwani umepungua kwa asilimia 20 hivi, na kwamba huenda mavuno ya samaki yamepungua kwa asilimia 30. Miaka 21 baadaye, kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti 2024, Tanzania ilisimamisha uvuvi katika ziwa hilo ili samaki wapate kuzaliana. Familia zinazoishi kwa dagaa na migebuka ziliombwa kuvumilia miezi mitatu. Mvuvi anayefahamu kwamba joto na nyavu haramu vyote viwili huchangia upungufu anaweza kuupima uamuzi wa namna hiyo, kuukubali au kuuhoji. Asiyepewa maelezo huona amri tu.

Upo mfano wa njia nyingine. Katika vijiji vinavyoizunguka Gombe, mradi wa Tacare, ulioanza mwaka 1994, ulifika mahali ukatandaza picha za setilaiti mbele ya wanakijiji. Wakazitambua nyumba, vijito na vilima, wakavitaja kwa majina yao, na picha hizo zikasaidia kupanga matumizi ya ardhi. Baadaye walinzi wa misitu wa vijiji wakaanza kutumia simu za kisasa kuandika waliyoyaona. Hapo mwenyeji alikuwa mtoaji wa data na msomaji wake pia.

Wako watakaodai kwamba sayansi ya kimataifa haiwezi kuendeshwa kwa Kiswahili kwa sababu istilahi hazitoshi. Dai hilo lina ukweli, lakini lisigeuzwe kisingizio. Tangu mwaka 1990, Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilikwisha kutoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia. Zaidi ya hayo, Kiswahili husikika Kigoma, Rumonge, Uvira na Kalemie, ambako lugha za vitabu ni Kiingereza upande mmoja na Kifaransa upande mwingine. Kwa hiyo, kila mkataba wa utafiti katika ziwa hili ungefaa kutenga fungu la kuyaandika matokeo kwa Kiswahili na kuyafikisha mialoni na shuleni. Idara za Kiswahili za vyuo vyetu zina wafasiri wa kuifanya kazi hiyo. Wangeweza kuanza na kurasa zile za mwaka 2003, ili mwuza dagaa wa Gungu asome mwenyewe sababu za kapu lake kuwa jepesi.